Shangazi, Tunzo na Giga 111 Zilizopotea

Basi bana, mimi nina kifremu changu cha studio hapa Tanga, Ngamiani, kwenye moja ya zile barabara za namba, sitataja namba ipi maana wateja wangu wanasoma humu na wengine bado nawadai. Kazi yangu ni kushuti na kuediti harusi. Kompyuta ninayotumia ina Ubuntu, na kuediti naeditia Kdenlive, kila mtu akija ananiuliza kwa nini situmii kama wengine, jibu ni kwamba hivi ni vya bure na mashine yenyewe ni ya uzee, haina nguvu za kubishana na virusi. Kwa hiyo nilijifunza Linux, ambayo ndiyo hiyo Ubuntu, kwa shida na kwa kujigonga gonga, na siku hii ninayowahadithia ndio siku nilijigonga kuliko zote.

Mashine ina SSD, diski yake ya ndani, ya giga 240. Ukiangalia kwa df -h, ile amri ya kuonesha nafasi ya diski, inakwambia 219, wala hujaibiwa, wauzaji wanahesabu kwa elfu elfu na df -h inahesabu kwa 1024, halafu kidogo inaliwa na mpangilio wenyewe wa diski. Kwenye hiyo SSD ndio kuna mfumo na vitu vyangu vya kila siku. Harusi zenyewe zinakaa kwenye eksteno ya tera 2, yale madude makubwa yenye adapta yake ya umeme, nimeimaunti, yani nimeiunganisha ionekane, kwenye folda inaitwa /mnt/harusi. Naifunika na kitambaa cha kijora kwa ajili ya vumbi. Shikeni hapo kwenye kitambaa.

Ijumaa tulishuti harusi moja kubwa Chumbageni. Akdi, kumtoa bi harusi nje, ukumbi, kila kitu, kamera kubwa peke yake ilijaza kadi giga 111. Usiku umeme ukakatika, ukarudi saa tano hivi, nikawasha mashine, nikachomeka kadi, nikaendesha kaskripti kangu. Haka kaskripti nakapenda sana, kanafanya rsync, yani kanakopi kila kitu, kutoka kwenye kadi kwenda /mnt/harusi, kakimaliza kanaandika neno TAYARI kwenye faili fulani halafu kanazima mashine kenyewe. Nikakaendesha kwa sudo, yani kwa mamlaka ya root, bosi wa mashine asiyekatazwa kitu, kama kawaida yangu, nikafunga fremu nikaenda kulala. Uvivu mtupu.

Asubuhi nikafika, nikawasha, nikafungua kale kafaili, TAYARI. Safi kabisa. Mwenzangu alikuwa anawahi mahafali Pangani, nikampa kadi, akaifomati hapo hapo mbele yangu kwenye kamera huku anatafuna kachori, akapanda bodaboda huyo stendi.

Nikafungua Kdenlive nianze kurenda, yani kutoa video iliyokamilika, kipande cha harusi nyingine kilichobaki. Ikagoma. Inaniambia hakuna nafasi kwenye diski. Nikacheka. Nafasi haipo vipi wakati juzi nilikuwa nimetumia giga 98 tu kati ya 219? Nikafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri nikapiga df -h, aisee, Used 209, Avail 0, asilimia 100, yani mia kabisa.

Sasa msiojua mtauliza, 219 kutoa 209 si zinabaki 10? Hizo 10 si zako. Diski ya ext4, mpangilio wa kawaida wa Linux, ukiitengeneza bila kuigusa gusa inamwekea root akiba ya asilimia 5, ili mambo yakiharibika mfumo wenyewe uwe na pa kuhemea, wewe raia wa kawaida unaambiwa hakuna. Ni kama ile hela ya mama iliyofungwa kwenye pindo la kanga, ipo ila haipo.

Nikaanza kufagia. sudo apt clean, zikatoka giga 1.4 za vifurushi vya zamani. Nikapiga df tena kwa furaha, Avail mega mia nne na ushee! Giga nzima imekwenda wapi? Kumbe kaskripti kangu kwa vile kalikuwa kanaendeshwa na root kalishaingia mpaka kwenye ile akiba, kwa hiyo nilichokuwa nafuta kilikuwa kinalipa deni la pindo la kanga kwanza. Lakini hilo nimelielewa baadaye, saa ile nilichoelewa ni kwamba hii mashine ina jini.

Nikafuta taka. Nikapunguza zile logi kwa journalctl --vacuum-size=100M. Halafu nikakutana na folda moja imefichwa ndani kabisa, jina lake "masomo", nikasema haya masomo ya nani humu, kufungua, tamthilia za Kikorea giga 14. Za dogo. Dogo ni mdogo wangu, ananisaidia dukani, kazi yake kuu ni kukaa karibu na feni. Sikuuliza, sikuita, nikapiga rm -r, ikafutika yote, nikasikia raha moyoni kabisa.

Zile 14 zikasaidia kidogo, ila mimi hesabu ndio ilikuwa inanitesa. Kabla ya kufuta futa, nilishapiga sudo du -xhd1 / ambayo inahesabu folda moja moja kwenye diski hiyo hiyo bila kuvukia eksteno, jumla yake ikaja 98. df inasema 209, du inasema 98. Toa mwenyewe. Giga 111 zimeliwa na hakuna faili hata moja linalokiri kuzila. Nikasoma soma, wanasema kuna wakati unafuta faili huku kuna programu bado imelishikilia, basi nafasi hairudi mpaka programu ifungwe, upige sudo lsof +L1 utayaona. Nikapiga, vilikuja vitu vidogo vidogo vya kilo hadi mega chache. Tena mashine nilikuwa nimeiwasha asubuhi ile ile, nani aliyeshikilia giga 111 toka jana?

Wenyewe wanasema Tanga waja leo waondoka leo. Hizi zilikuja jana na kuondoka hazitaki.

Na hapa ndio naomba mniangalie vizuri ujinga wangu, maana namba 111 nilishaiona kwenye kadi usiku, nikaiona tena kwenye hesabu asubuhi, na bado haikunigonga. Kichwa kilikuwa kwenye jini.

Adhuhuri ikapita. Nikaamua, basi, nafomati SSD yote, naweka Ubuntu upya, si harusi zote ziko salama kwenye eksteno? Flashi ya Ubuntu nikaichomeka kabisa. Kidole kiko kwenye kitufe cha kurestati. Sijui nini kilinituma, nikasema hebu kwanza nihakikishe ile ya Chumbageni imeingia vizuri. Nikafungua /mnt/harusi, nikaona harusi za mwaka juzi, za mwaka jana, ya mwezi uliopita, ya wiki iliyopita.

Ya Chumbageni haipo.

Nikatafuta kwa jina, nikatafuta kwa tarehe. Nikachungulia mpaka kwenye folda za watu waliokwisha kuachana. Haipo. Kadi iko Pangani na muda huo ina watoto wa mahafali wanaimba juu ya akdi ya watu. Nikajikuta nimekaa sakafuni, na kiti kipo.

Ndipo akaingia Shangazi.

Huyu ni shangazi wa bi harusi, ila mtaa mzima tunamwita Shangazi, ndiye aliyelipa nusu ya hela na ndiye mwenye nusu iliyobaki. Bi harusi na mumewe wanasafiri kesho yake kwenda Maskati na mkanda ulitakiwa uondoke nao kwenye flashi. Shangazi amekuja na kawa lake limefunika sahani ya vitumbua, maana yake kaja kukaa.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba mwanangu. Mbona umekaa chini kama umefiwa?"

"Najinyoosha mgongo Shangazi."

"Haya nyooka, nyooka. Mkanda wangu u wapi? Nataka nione pale nilipomvisha cheni."

Pale alipomvisha cheni. Wadau, tumbo lilifanya kitu ambacho siwezi kukiandika hapa. Nikamwambia Shangazi unapikwa, bado kidogo, lakini kwa nini usiangalie kwanza ule wa mwaka jana, wa binti yako mkubwa, nimeuweka rangi upya umependeza kweli. Rangi gani, sijagusa kitu. Akafurahi huyo. Nikamfungulia kwa VLC kwenye skrini ya pili, nikampa spika, nikamgeuzia feni. Dogo akanuna.

Mpango wangu ulikuwa rahisi. Nichomoe eksteno taratibu, niiweke kwenye begi, nimwambie Shangazi naenda msalani, nipande baiskeli mpaka kwa fundi mmoja anayejua kufufua faili zilizofutwa, akishindwa niendelee na baiskeli hiyo hiyo mpaka Muheza. Ila kuchomoa tu waya huku diski imemauntiwa ni kuharibu data, hilo nalijua, kwa hiyo nikapiga kwa ustaarabu

sudo umount /mnt/harusi

Jibu, target is busy. Yani kuna mtu anaitumia. Nani tena? Nikapiga sudo fuser -vm /mnt/harusi ioneshe nani kaishikilia, ikaleta orodha, na pale kwenye orodha limekaa jina vlc. Nikageuka. Shangazi yuko katikati ya mkanda, bega linacheza lenyewe.

"Shangazi, samahani, nisimamishe kidogo?"

"Usithubutu! Hapo mbele natunzwa."

"Dakika moja tu Shangazi."

"Mwanangu, siku ile nilitunzwa mpaka noti zikawa zinaokotwa na watoto. Niache nitunzwe."

Sasa mimi mkanda ule niliuediti mwenyewe, najua ni wa saa tatu, na kutunzwa kwake kuko kwenye saa ya pili dakika ya ishirini na kitu, na wakati ule tulikuwa kwenye dakika ya 50. Kuna umount -l, ile ya kivivu, inakuondolea folda mbele ya macho halafu inasubiri kimya kimya mpaka mtumiaji amalize, lakini nilijijua, ningeona folda imeondoka ningechomoa waya na Shangazi angebaki na noti zimeganda hewani. Nikakaa. Nikala kitumbua. Saa nzima na nusu nimekaa nyuma ya mwanamke anayejitazama anacheza rusha roho, kila anayepita mlangoni anaitwa aje aone, mpaka muuza kahawa aliweka birika chini akatazama. Ukafika wakati wa kutunzwa. Akarudisha nyuma. Akatunzwa tena. Akarudisha. Mara nne.

Alipotosheka akasema haya zima, nikazima VLC kwa mikono miwili, nikakimbilia kwenye dirisha jeusi.

sudo umount /mnt/harusi

target is busy.

Nikatetemeka. Nikapiga fuser tena. Imebaki bash, yani lile dirisha jeusi lenyewe. Mtumiaji, mimi. Kumbe nilikuwa nimefanya cd nikaingia ndani ya hiyo folda wakati natafuta harusi, na nimekaa humo humo toka adhuhuri, yani mtu ninayemsubiri atoke ndiye mimi. Nikapiga cd kurudi nyumbani kwangu, nikapiga umount, ikakubali kimya, haikusema neno.

Na kwa mazoea tu, vidole vikapiga ls /mnt/harusi. Sikutegemea kuona kitu, eksteno si imeshatoka, folda inatakiwa iwe tupu.

Ikatoka folda moja. CHUMBAGENI_IJUMAA.

Nikafikiri umount haikufanya kazi. Nikapiga lsblk, eksteno ipo ila haijamauntiwa popote. Nikapiga ls tena. CHUMBAGENI_IJUMAA. Nikapiga sudo du -sh juu yake. 111G.

Nilipiga ukelele hadi Shangazi akamwaga kahawa.

Iko hivi. Kumaunti ni kama kuweka sinia juu ya sinia. /mnt/harusi ni folda ya kawaida tu iliyo kwenye SSD, ukimaunti eksteno hapo unaona cha eksteno, na chochote kilichokuwa kwenye folda yenyewe kinabaki chini, hakijamwagika, pilau lake lipo na nafasi yake linakula, ila ls haikioni, du haikioni, df peke yake ndiyo inajua maana yenyewe inauliza diski nzima na sio folda moja moja. Jini langu la giga 111 na harusi yangu ya giga 111 walikuwa mtu mmoja. Na mimi mchana nilikuwa na kidole kwenye kitufe cha kuwachoma moto wote wawili.

Sasa ilifikaje chini? Nikamwita dogo.

"Jana umeme uliporudi, hii adapta ilikuwa kwenye ekstensheni?"

Dogo akaangalia feni.

"Dogo."

"Nilichaji simu kaka. Asubuhi nilirudisha."

Basi. Umeme umerudi, yeye kachomoa eksteno kachomeka chaja, mimi nimewasha mashine eksteno imekufa chini ya kitambaa chake cha kijora na kile kitaa cha bluu siwezi kukiona. Mashine ingetakiwa kulalamika, si ndiyo? Ingesubiri ile sekunde 90 halafu ikanitupa kwenye hali ya dharura. Ila kwenye /etc/fstab, faili lenye orodha ya diski za kumaunti mashine ikiwaka, niliandika nofail, yani diski isipokuwepo usikwame, mwenyewe kwa mkono wangu, kwa sababu kuna siku ilinifanyia hivyo hivyo mteja amesimama, nikasema hii isinizoee. Kwa hiyo ikawaka bila neno. Na hata hapo ningepona, maana ile folda tupu ni mali ya root, ningekuwa nimeendesha skripti kama mtu wa kawaida ingekataliwa kuandika. Lakini si nilitumia sudo. Kila kizuizi walichoniwekea watu wenye akili nilikuwa nimeshakiondoa kimoja kimoja, kwa bidii.

Nikaimaunti eksteno mahali pengine, /mnt/kweli, nikahamisha harusi kwa rsync, dakika ishirini na kitu, nikairudia kwa rsync -anci ilinganishe faili kwa faili kama zimefanana, zimefanana, ndio nikafuta ile ya chini. Nikapiga df. Nilikodoa macho pale kama Shangazi anavyoangalia noti zake. (Baadaye nikaja kujua wala hukuwa na haja ya kumsubiri mtu amalize kutunzwa, unapiga tu sudo mount --bind / /mnt/chungulia, halafu unaingia /mnt/chungulia/mnt/harusi unaona kilicho chini huku cha juu kinaendelea na shughuli zake. Hii nimeijua wiki moja baadaye na iliniuma upya.)

Usiku huo sikulala, nimerenda mpaka adhana ya alfajiri, flashi ikaondoka na watu wake wakaenda Maskati. Shangazi alimalizia hela yote, akatoa na ya soda, ila akasema pale alipomvisha cheni nimempiga kwa upande mbaya, mkono umeonekana mnene.

Kaskripti sasa kanaanza na mountpoint -q /mnt/harusi, kama eksteno haipo kanatukana na kuacha. Ile folda ya chini nimeifunga kwa sudo chattr +i wakati iko tupu, hata root mwenyewe akitaka kuweka kitu humo haiwezekani mpaka aifungue. Adapta nimeizungushia selotepu nyekundu. Kitambaa cha kijora nimekifanya cha kufutia kamera.

Dogo yule nilimweleza yote haya, sinia juu ya sinia, akasikiliza kwa makini ambayo sijawahi kuyaona kwake, nikasema kumbe mtoto ana moyo wa kazi. Kesho yake nimefika dukani namkuta kwenye dirisha jeusi, jasho linamtoka, anapiga umount kwenye kila kitu anachokiona.

"Unafanya nini?"

"Kaka, kuna folda yangu ilikuwa inaitwa masomo. Siioni. Nadhani imefunikwa."

Nikamwangalia. Nikaangalia feni.

"Itakuwa imefunikwa," nikamwambia. "We endelea kufunua."